Ndagala za Mama Sifa

Mapendo mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana nakusikia hapo kwa jirani ukicheka na wenzako waliokuja kukuaga, na kicheko hicho kinanitosha. Jua linaanza kushuka nyuma ya milima. Nimekaa mlangoni pa jikoni, karatasi iko juu ya beseni nililoligeuza, na ninaandika upesi kabla hujarudi, kwa sababu mbele ya macho yako maneno haya hayatatoka.

Sitakuandikia habari za mashuka, wala dawa ya malaria, wala namna ya kushika mfuko wako garini. Mama yako mukubwa Zawadi amekuhubiria hayo tangu asubuhi mpaka ukaziba masikio. Mimi nataka kusema juu ya mchezo unaoenda kuucheza Bukavu.

Ile siku ulipoingia ukipiga kelele kwamba kundi la Bukavu limekuchukua, kwamba wanaufufua mchezo wa Ndagala za Mama Sifa na wewe ndiwe utakayekuwa Mama Sifa, mimi nilisimama, nikatoka nje, nikatema mate. Uliniona. Uliniuliza, "Mama, uko unanionea wivu?" Sikujibu, na tangu siku hiyo tumekuwa tukipishana humu ndani kama wapangaji. Basi nakujibu leo. Si wivu. Ni kinyaa. Nataka ujue kinyaa hicho kilitoka wapi, halafu uende zako.

Nyimbo zake unazijua zote, kwa sababu nilikuwa naziimba nikifua nguo hata baada ya kuapa kwamba sitaziimba tena. Lakini hujui mchezo wenyewe ulivyozaliwa. Aliyeutunga ni Mwalimu Kashindi, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi huku Mulongwe, mtu mwembamba aliyependa kuimba kuliko kula. Wakati ule wanawake waliokwenda kununua ndagala kwa wavuvi walikuwa wakikuta bariere kwenye njia ya kutoka ufukweni. Kamba, viti, na watu wenye bunduki. Kila mama aliacha sehemu ya samaki wake hapo. Ukiuliza kwa nini, unapigwa. Mwalimu aliichukua habari hiyo akaitia nyimbo. Mama Sifa ni mjane mwenye mdomo, anauza ndagala sokoni. Mtu wa bariere, mnene, mwenye sauti kama ngoma, anamnyang'anya kila siku. Mwishoni Mama Sifa anachoka, anainua beseni na kummwagia samaki wote kichwani, na soko zima linaimba.

Mimi nilianza nikiwa msichana wa sekondari, na nilianzia chini ya ziwa. Unacheka, lakini ni kweli. Ziwa letu lilikuwa vitenge, bikwembe vya bluu vilivyoshonwa pamoja, upana wa jukwaa zima la sale ya paroisi, ule ukumbi wa mapadri. Wasichana tulilala chali pembeni, huku na huku, tukashika pindo. Ukitikisa polepole ziwa limelala. Ukitikisa kwa nguvu ni dhoruba, na wavuvi wanayumba katikati yetu wakiimba. Mvua ilikuwa maharage makavu yakimwagwa juu ya bati la manjanja lililoinamishwa. Mwezi ulikuwa taa ya petroli nyuma ya chekecheo, na aliyeushika aliusogeza taratibu mpaka mkono ukafa ganzi. Kutoka chini ya kile kitambaa nilikuwa naona nyayo tu za waigizaji, nyayo zenye vumbi zikipiga mbao, na nilikuwa nadhani hakuna mahali duniani pazuri kuliko hapo.

Mwaka wa kwanza walitumia ndagala za kweli. Lile beseni la mwisho lilipomwagwa, samaki waliingia kwenye kola, kwenye masikio, wakapenya kati ya mbao za jukwaa. Padri alisoma misa Jumapili huku nzi wakimzunguka. Mwaka uliofuata tulikata ndagala kwenye karatasi zile zinazong'aa za ndani ya pakiti za sigara. Tuliokota pakiti kila mahali, kwenye vilabu, kwenye mitaro. Mikono yetu ilinuka tumbaku na mikojo, lakini beseni lile lilipomwagwa chini ya taa, watu walisema "Aaa!" kwa sauti moja kama wameona fedha ikinyesha.

Na kulikuwa na tumbo. Mtu wa bariere aliigizwa na mubaba Bulambo, fundi wa baiskeli, ambaye kiuno chake kilikuwa kama cha msichana. Basi tulimtengenezea tumbo la godoro. Kipande cha sponji kilichokatwa mviringo, kikafungwa kwa mpira wa baiskeli, na shati kubwa juu yake. Bulambo alikuwa anatanguliza tumbo jukwaani: kwanza linachungulia lenyewe kwenye pazia, na watu wanaanza kuanguka kutoka vitini kwa kucheka kabla hajaonekana uso. Godoro lile halikukauka hata siku moja. Lilikunywa jasho lake mwaka baada ya mwaka, likawa na rangi ya chai na harufu ya mbuzi dume. Nilipolifunga mgongoni mwake niliziba pua, na nilicheka kama wengine wote.

Tulicheza kila kiangazi. Kuna miaka vita ilitukataza, watu wakavuka kwenda Burundi na Kigoma, sale ikakaliwa na wakimbizi. Waliporudi, tukaanza tena. Kuna mwaka mto ulitoka njia yake, ukaleta tope ndani mpaka kwenye magoti. Tulilitoa kwa majembe, tukacheza ukuta ukiwa bado mbichi. Wamama wa uwandani walikuja kutoka Nyakabere na watoto mgongoni. Wafugaji walishuka kutoka milimani na fimbo zao, wakasimama nyuma, wakajifanya hawacheki. Mama Sifa wa kwanza alikimbilia Kigoma na hakurudi, ndipo nikapewa mimi beseni. Nilicheza nikiwa na mimba yako. Ulikuwa unapiga teke kwenye wimbo wa dhoruba, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anasema nyumbani tuna mutoto wa ngoma.

Nakuambia haya ili usidhani kwamba sikuupenda. Niliupenda mpaka nikawa kipofu.

Ulipokuwa unaanza kutembea, alikuja Bwana Fidèle. Alikuwa wa mradi fulani, jina lake lilikuwa refu na sijali kulikumbuka. Alivaa shati jeupe lisilokunjamana hata akikaa. Alitazama mchezo, akalia kwa kucheka, akatuita mimi na Mwalimu pembeni.

"Mimi nitawapa taa," alisema. "Taa za kweli, na mikro. Hamutapiga tena kelele mpaka koo zipasuke. Lakini mwisho iko na fujo mingi. Bafadhili hawatapenda. Mama Sifa asimwage samaki. Wapeane mikono. Tunataka mwisho ya amani."

Mwalimu akauliza, "Amani gani? Samaki zimerudi?"

"Mwalimu, iko mchezo tu."

"Kama iko mchezo tu, basi acha vile iko."

Fidèle akanigeukia mimi. Na mimi, Mapendo, nilikuwa nazitazama zile taa. Alikuwa amekuja na moja kama mfano, iko chini pale, nyeusi, ina jicho la kioo. Nilikuwa nimechoka na moshi wa petroli. Nilijiambia kwamba wimbo uliokatwa mkia bado ni wimbo, na kwamba watu watakumbuka mwisho wa zamani hata tukiimba mpya. Nilimwambia Mwalimu, "Tujaribu mwaka huu tu." Alinitazama kama mtu anayenijua kwa mbali. Kisha akachukua kofia yake, akaenda. Walimwita mwanzilishi wa heshima, wakaandika jina lake kwenye kitambaa kilichoning'inizwa mlangoni, na yeye alikwisha kurudi kwao Nyakabere kulima mihogo.

Tulipewa tisheti za rangi moja. Ziwa letu likatupwa. Wakaweka picha ya ziwa iliyochapwa kwenye plastiki, ziwa ambalo si letu, lina minazi. Nilisimama mbele ya minazi hiyo nikaimba juu ya ndagala. Taa zilikuwa kali kiasi kwamba sikuona uso hata mmoja. Niliona weusi tu, na weusi ukapiga makofi.

Sasa nafika kwenye ile siku. Naomba usome ukiwa umekaa.

Waliandaa onyesho kubwa, na mgeni wa heshima alikuwa Shefu mmoja ambaye sitamtaja jina, maana bado ana watoto na wewe utaishi muda mrefu kuliko mimi. Tulimjua wote. Kabla ya kupanda cheo alikuwa mkubwa wa bariere yenyewe, ile ya ufukweni. Nilimwambia Fidèle, "Huyu ndiye mutu wa bariere." Alinijibu, "Ndiyo maana iko muzuri aje. Ataona mwisho mupya. Ni mapatano." Walimletea kochi kutoka nyumba ya mapadri. Dada yangu Zawadi nilikuwa nimempa nafasi katika viti vya mbele, kwa kujivuna, ili aone taa.

Hili hulijui, na kabla ya kuliandika nilimwomba ruhusa. Amesema niandike. Shefu yule alimpiga Zawadi pale bariere, miaka ya kwanza ya mchezo. Alichukua samaki wake wote, akampiga kofi, sikio moja likawa halisikii vizuri tangu hapo. Unadhani ni uzee unaomfanya akuulize kila neno mara mbili. Si uzee.

Tulianza kucheza. Bulambo alipotokeza tumbo kwenye pazia, nilisikia kicheko kikubwa kuliko vyote kikitoka upande wa kochi. Shefu alikuwa anapiga paja. Kila Bulambo alipoguruma, yeye alicheka. Bulambo alipoanguka na tumbo likamzuia kuinuka, Shefu alipiga mbinja. Hakuwa na aibu hata ya kujificha. Tulipofika mwisho, nikampa Bulambo mkono, tukaimba ule wimbo mpya wa amani, Shefu akainuka. Akapanda jukwaani.

Alinukia sabuni ya watoto. Hilo ndilo nililoligundua kwanza, na mpaka leo siogeshi mtoto wa mtu kwa sabuni ile. Alitoa noti mfukoni akaibandika kwenye paji langu la uso, kama wanavyofanyiwa wanamuziki. Vidole vyake vilikuwa laini, vina unyevu. Alivikandamiza kidogo ili noti ishike kwenye jasho. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, "Mama, umeimba muzuri. Umelala muzuri?"

Nilitabasamu. Mikro ilikuwa mkononi, nikasema, "Asante, Shefu." Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote.

Kisha mtu mmoja akaziwasha taa za sale ili wapige picha, na nikaona nyuso. Nikamtafuta dada yangu. Alikuwa amesimama kama wenzake wote. Alikuwa anapiga makofi. Mikono yake ilikuwa inapiga, pa, pa, pa, na uso wake haukuwa na mtu ndani.

Nilikwenda nyuma ya pazia nikatapika juu ya ile minazi ya plastiki.

Nyumbani nilimkuta anachambua mchele. Nilimuuliza, kwa ujinga na kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa: "Ulimpigia makofi?"

Hakuinua macho. "Walinzi wake walikuwa nyuma ya kiti yangu. Weye uliyekuwa na mikro ulisema asante. Minye ningefanya nini?"

Tangu hapo tukasemezana mambo ya chumvi na maji tu. Niliacha mchezo. Fidèle alikuja mara kadhaa, nikajificha chooni. Nilinawa uso kwa majivu, kwa ndimu, kwa kila kitu. Nilijichukia, nikazichukia taa, nikamchukia Fidèle na shati lake, lakini nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja kisafi kichwani: mchezo wa zamani. Nilijiambia kwamba tumeuharibu sisi, lakini ule wa kwanza, wa maharage na chekecheo, ulikuwa kweli tupu. Nilitaka kuucheza tena, mara moja tu, Zawadi akiwepo.

Nilipanda pikipiki mpaka Nyakabere. Mwalimu Kashindi alikuwa amezeeka, goti limevimba. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. "Acha hiyo. Njooni Jumamosi. Uwanja wangu iko mukubwa." Nikawakusanya waliobaki. Bulambo akaleta godoro lake, limekuwa jeusi, panya wamelitafuna ukingoni. Zawadi alikataa kuja, kisha asubuhi yenyewe nikamkuta amekwisha kufunga kitambaa, anasubiri njiani.

Tulicheza mchana, jua likiwaka, mbele ya majirani na kuku. Hatukuwa na ziwa. Tulitandaza bikwembe vya wamama wa pale, vya kila rangi. Watu walicheka kama zamani. Nilianza kujisikia nimeoga. Tukafika pale mtu wa bariere anapomwita Mama Sifa, Bulambo akaguruma, tumbo likatikisika, na dada yangu akasimama katikati ya watu.

"Hapana," alisema.

Tulidhani anaumwa. Akapita kati ya waliokaa, akafika kwa Bulambo, akamwondoa kwenye kigoda kama mtu anavyomwondoa mtoto. Bulambo alitaka kumpa tumbo. Akasema, "Hiyo tia chini. Hakukuwa hiyo."

Akakaa. Zawadi, ambaye hajawahi kuimba hata kanisani. Akaweka mguu juu ya mguu. Akaniita kwa kidole, na sauti iliyomtoka sikuijua, ilikuwa ndogo, safi, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Karibu, mama. Umelala muzuri? Batoto bameamka?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote maneno ya Shefu pale jukwaani. Hata yeye.

Alifunua kitambaa cha beseni langu taratibu, akakikunja, akakiweka kwenye magoti yangu. Akaanza kuchagua samaki wakubwa mmoja mmoja, huku anazungumza juu ya mvua, kwamba imechelewa, kwamba maharage yatateseka. Akaniuliza jina la mume wangu. Akasema, "Mama, uko unatetemeka. Baridi?" Nilikuwa nimesahau maneno ya Mama Sifa. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna maneno. Akainuka, akanitazama, akanyoosha mkono. Nikafumba macho. Hakunipiga. Alinitengeneza kitambaa cha kichwa, kwa upole, akakivuta nyuma mpaka sikio langu likabaki wazi.

Kisha akageuka kwa watu, kwa sauti yake mwenyewe, akasema, "Alinitengeneza kitambaa kwanza. Ndiyo akanipiga."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimchukua mtoto wake akaenda naye nyuma ya nyumba. Beseni lilikuwa miguuni pangu, na sikulimwaga. Nani angemwagiwa? Mbele yangu alikuwa dada yangu. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, na bikwembe vya ziwa vikabaki chini vikikanyagwa na kuku.

Tulipobaki sisi tu, nilimwambia Mwalimu, "Miaka yote hii tulikuwa tunamcheka mutu mwingine kabisa."

Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Minye pia nilipita pale bariere. Nilimuona vile iko. Mwembamba, na adabu. Kama ningemuweka vile, tusingemaliza hata siku ya kwanza. Wangetufunga. Nikamutia tumbo. Wakaja kucheka na wao, wakatuacha tucheze."

Nilitaka kumpiga, mzee yule, na goti lake lililovimba. Nilielewa kwa nini Shefu alicheka kuliko wote. Hakuwa anajificha. Hakujiona. Tulikuwa tumemtengenezea mtu wa godoro wa kumcheka, mwaka baada ya mwaka, na yeye akaja akakaa kwenye kochi akacheka pamoja nasi, msafi, ananukia sabuni. Na kile kitu kimoja kisafi nilichodhani nimebakiwa nacho kilikuwa kimelipiwa ushuru tangu siku ya kwanza, kama samaki wa dada yangu.

Mwalimu alikufa mvua za mwaka ule. Nilimlilia, na nilikuwa bado nimemkasirikia. Sijui mpaka leo kama alikosea. Asingetia tumbo, tusingekuwa na nyimbo, na wamama wasingekuwa na chochote cha kuimba wakipita pale. Nimeligeuza swali hilo huku na huku nikipika, nikifua, nikimnyonyesha mdogo wako. Siwezi kukuachia jibu ambalo sina.

Juzi mkubwa wa kundi lenu alinitumia kwenye simu video ya mazoezi, ya siku zile ulipokwenda kujaribiwa. Alitaka nifurahi. Nilitazama. Wamemtengenezea mtu wa bariere tumbo kubwa kuliko letu, na kila anapokaa mtu mmoja anapuliza tarumbeta kuiga sauti ya ushuzi. Nikampigia. Nikamuuliza, "Kwa nini mnene?" Akacheka. "Mama, batu banapenda kucheka. Banateseka sana, tuwaache bacheke." Nikasikia sauti yangu mwenyewe mbele ya taa ya Fidèle, na tena mtu yule ana moyo mzuri, nilimsikia. Ndiyo maana kinyaa cha ile siku hakijanitoka, Mapendo. Wewe ulikuwa nyuma ya yule mwenye tumbo kwenye ile video, umeshika beseni, unang'aa.

Sikukatazi. Ningekukataza ningekuwa naongea na ukuta, na ningekuwa mwongo, maana najua unachokifuata. Siku ya kwanza sale itakapocheka pamoja, utalisikia joto hilo kifuani, tamu kuliko uji wa asubuhi, na utataka lisiishe. Mimi nimelinywa. Bado linanipa kiu, na bado linanitia kichefuchefu, vyote viwili kwa pamoja, na sijapata dawa. Unaweza kumwambia mkubwa wenu habari ya Zawadi au usimwambie. Unaweza kumwaga beseni au usimwage. Wewe ndiye utakayekuwa pale juu, na mimi nitakuwa huku Mulongwe siwezi kuona unachokiona. Ila usicheze ukiwa hujui. Mimi nilicheza miaka mingi nikiwa sijui, na dada yangu, aliyejua, alikuwa analala nyumba moja na mimi.

Naisikia sauti yako, unawasindikiza wenzako njiani. Nina neno moja tu la mwisho, na hili nimeambiwa leo mchana tukiwa tunamenya mihogo. Zawadi ameniuliza mtaanza lini kucheza mbele ya watu. Nikamwambia kiangazi. Akasema, "Tuende." Nilidhani sikusikia vizuri, nikamfanya arudie, mimi mwenye masikio mazima. Akasema, "Tuende wote. Tukae mbele."

Basi tutakuja. Utatuona tumevaa bikwembe vyetu vya sikukuu. Watu watakapopiga makofi, nasi kama hatutaki, hatutapiga. Tutakaa na mikono juu ya mapaja, mbele ya kila mtu, hata awe nani nyuma ya viti vyetu. Usitafute macho yetu, wala usidhani hatukupendi. Utakuwa umepigiwa makofi na sale nzima. Sisi tutakusubiri nje.

Mimi niliyekubeba jukwaani kabla hujazaliwa,

Mama yako